Kamba Niliyomfichia Mama

Sikutaka kitu cha Mama isipokuwa kibuyu. Siku tulipogawana vitu vyake, wengine walichukua blanketi, wengine vikombe vya wageni, na mimi nikaenda jikoni moja kwa moja nikakishusha kutoka kwenye msumari wake. Nilipofungua kifuniko harufu ikanipiga usoni: mursik ya zamani, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, makaa ya mti wa senetwet, moshi. Mnaoijua harufu hiyo mnaijua, na wasioijua siwezi kuwasaidia. Nilikaa palepale kwenye kigoda, mtu mzima na miwani yangu, nikalia kwa sauti mpaka Senge, dada yake Baba, akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Kibuyu chenyewe kina kovu. Chini kidogo ya shingo kuna ufa, na juu ya ufa kuna kiraka cha kibuyu kingine, kimeshonwa kwa ukano wa ng'ombe, mshono wa mtu asiye na haraka. Kila nikiliona kovu hilo mkono wangu wa kulia hufanya kitu bila kuniuliza. Kidole gumba hukutana na kidole cha mwisho, kifundo cha mkono hujikunja kidogo, na hapo katikati, chini ya ngozi, kamba huinuka. Jaribuni nanyi hapo mlipoketi. Wengine mtaiona imesimama kama kamba ya kuanikia nguo. Wengine hamtaona kitu, na msiogope, hamna mlichopungukiwa. Laiti mtu angeniambia hivyo nilipokuwa na miaka tisa.

Kwetu ni juu kidogo ya Mogogosiek, mahali ambapo chai ilianza mlangoni na kuishia mawinguni. Asubuhi ukungu ulilala juu ya chai, na sisi watoto tuliamini kwamba ni chai yenyewe inayoutoa, kama vile sufuria inavyotoa mvuke. Kiwanda kilinguruma kule bondeni, na harufu ya majani yanayokaushwa ilipanda mlima taratibu ikatukuta kitandani. Mchana lilikuja jua kidogo, halafu mvua, ambayo ilikuwa na saa yake kama mwalimu mkali. Na chai huyaweka maji. Barabara inaweza kukauka kabisa, lakini ukikatiza mistari ya chai unatoka umelowa kiunoni, na ile ya zamani isiyopogolewa inakulowesha mpaka kifuani. Ndiyo maana wachunaji hujifunga karatasi ya plastiki. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia kwenye chai na nguo ya kanisani.

Mama alichuna kwa mikono miwili, kila mkono na macho yake. Majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, tk, tk, tk, mkono wa kulia ukitupa kikapuni wa kushoto umeshajaa. Nilikuwa nikitembea nyuma yake kwenye mstari nikisikiliza tu ile sauti, na nikiisikiliza sana nilianza kusinzia nikiwa nimesimama. Majirani walisema mikono ya Mama ina mashine. Yeye alicheka akasema kazi yote ni ya kidole gumba, vidole vingine vinasindikiza tu.

Shuleni tulikuwa na mchezo wa kamba. Unagusanisha vidole, unakunja mkono, mnalinganisha nani kamba yake imesimama zaidi. Yangu iliwashinda wote, mikono yote miwili, nami nikajivuna kama mtu aliyeinunua. Wakubwa wa darasa la saba walituambia kwamba nguvu zote za mkono ziko kwenye hiyo kamba, na asiye nayo hataweza kukamua ng'ombe wala kushika kalamu akiwa mzee. Uongo mtupu. Lakini nani angebishana na mtu wa darasa la saba?

Halafu siku moja Mama akajikata. Alikuwa akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, panga likateleza kwenye umande, likampata kiganjani, pale kidole gumba kinapoanzia. Walimshona kule zahanati, na kidonda kikapona vizuri, ngozi ikafunga. Ila siku bandeji ilipofunguliwa, kidole hakikukunja. Kilisimama tu, kama mgeni asiyejua akae wapi. Mama alikiangalia, akakiambia kwa sauti ya upole, "Wewe, kunja," kisha akacheka kwa aibu kwa sababu sisi wote tulikuwa tunamtazama.

Kuanzia hapo nyumba ilienda kombo. Vifungo vya nguo vilimshinda. Baba alichukua kazi ya kukamua, ng'ombe akamkataa, akampiga teke pamoja na ndoo yake. Baba huyohuyo alijaribu kusafisha kile kibuyu kwa makaa, kikamponyoka, kikapasuka chini ya shingo. Mama alikiokota akakipeleka kwa Kogo, mama yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka yetu na masikio yake yalifika mpaka kwetu.

Kogo alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda maswali. Alikuwa akilowesha ukano wa mgongo wa ng'ombe mdomoni ili ulainike, kwa hiyo alisema nami kupitia meno. Kwetu nyumbani hatukuzungumza Kiswahili, lakini maneno yake nayakumbuka moja moja.

"Hicho kiraka umekitoa wapi, Kogo?"

"Kwa ndugu yake," akasema, akinionyesha kibuyu kingine kilichovunjika zamani. "Walizaliwa shina moja."

"Kwa nini usitumie kile cha kule nje?"

"Kile ni cha shina la watu. Kitavuja tu. Kibuyu kinajua damu yake." Akanitazama. "Na wewe unajua kuuliza. Shika hapa."

Nikashika. Alitoboa kwa msumari mwembamba, akapitisha ukano, akavuta, na kila alipovuta ufa ulijifunga kidogo. Nakumbuka niliona ni jambo zuri sana, kibuyu kimoja kumpa mwenzake mwili wake.

Mama akaingia wakati huohuo, ametoka hospitali ya misheni. Kulikuwa na daktari wa mikono aliyekuwa akija pale mara moja tu kwa muhula, mtu mrefu kutoka upande wa ziwa, na watu walimngoja kama mvua. Mama akaketi, hata karatasi yake ya hospitali hajaiweka chini.

"Anasema kamba ya kidole ilikatika ndani, ikarudi juu, ikajikunja huko," alimwambia Kogo. "Kuivuta haiwezekani tena. Anataka kamba nyingine aishone mahali pake."

"Ataitoa wapi?"

"Watu huwa nayo hapa." Mama akageuza kifundo cha mkono. "Lakini mimi sina. Mkono huu sina, na huu sina."

Kogo akatoa ukano mdomoni. "Sasa?"

Mama akaniangalia. "Chebet, nenda ukafunge ndama."

Nikaenda. Ndama alinisumbua, akanizungusha zizi zima, na niliporudi mazungumzo yalikuwa yameisha. Kogo alikuwa anakata uzi kwa meno. Alikuwa akisema, "Basi kama iko, mshukuru Mungu." Kisha wote wawili wakanitazama mimi na kunyamaza.

Mnaona nilivyoelewa. Kibuyu kinajua damu yake. Nilikwenda nikafanya uchunguzi wangu. Nilimwomba Baba anionyeshe mkono, akakunja, kamba ikasimama vizuri kabisa. Lakini Baba ni wa ukoo mwingine, si shina la Mama. Kogo ndiye mama yake Baba, kwa hiyo naye akatoka. Mdogo wangu Kipkirui alikuwa na kifundo kilichonona kama andazi, hakuna kilichoonekana. Nilikunja mkono wangu mwenyewe mara ya mwisho, nyuma ya choo, na kamba ikainuka nyeupe chini ya ngozi kama iliyojitolea. Alibaki mtu mmoja tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuvaa sweta. Mnazikumbuka zile sweta za shule za sufu, zilizowasha shingo na kunuka kondoo zikilowa? Nilikaa nayo jua kali la Januari, mikono nimeivuta mpaka kwenye kucha. Nililala nayo. Nilioga nikiwa nimegeukia ukuta. Shuleni nilikataa mchezo wa kamba, nikasema umeniboesha. Mama akaniuliza, "Chebet, hiyo sweta utaolewa nayo?" Nikamwambia nasikia baridi, huku jasho likinitoka puani.

Nisiseme uongo sasa, mama yangu ameshakwenda. Sikutaka kumpa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na sikutaka kumpa. Asubuhi nilikuwa nakata shauri kwamba nitatoa wa kushoto, nisioandikia. Jioni nikimwona Mama anahangaika kufungua kifuniko cha chupa ya chai, nilisema moyoni kwamba hata wa kulia sawa. Halafu nikikumbuka kisu, nilivuta sweta. Siku moja aliniita nimfunge vifungo vya mgongoni. Nilivifunga na mikono ya sweta juu ya vidole, na ilichukua muda mrefu. Alisimama tu akisubiri, na nilihisi anajua kila kitu. Kumbe hakujua chochote.

Siku ya kushonwa ikafika. Jana yake Mama alitoa nguo yake ya buluu ya kanisani, akaipiga pasi ya makaa kwa mkono wa kushoto. Aliniambia niamke mapema kwa sababu nina kazi. Kazi gani hakusema. Alfajiri, Baba akiwa anagombana na ng'ombe, nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaingia kwenye chai.

Chini ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha chai ya zamani, iliyoachwa miaka mingi bila kupogolewa. Mtu mzima akisimama humo inamfika kifuani. Mtoto akiingia chini yake, anaingia nyumba nyingine. Matawi yalikuwa na kuvu ya kijani laini, ardhi ilikuwa kavu na ina majani yaliyooza, na mwanga ulishuka vipande vipande ukitikisika. Nilijikunja kwenye mizizi, mikono katikati ya magoti. Nilisikia gari la maziwa, ambalo ndilo lililokuwa lichukue abiria wa hospitali, likipiga honi pale barabarani. Likapiga tena. Mara ya tatu ikawa ndefu, halafu likaondoka likiguna mlimani. Basi, nikasema, Mama ameshakwenda.

Nikasinzia. Sijui ni usingizi gani ule. Ukungu ulikuwa unapita juu ya chai na mimi nilikuwa chini yake kama samaki. Niliota Mama ananiita. Aliita jina langu karibu, akaliita mbali, akalirefusha mwishoni kama alivyokuwa akifanya jioni, "Chebeeet," na majani yalitikisika, matone yakanidondokea shingoni. Nilitaka kuitika. Lakini nilijua ni ndoto kwa sababu Mama alikuwa hospitali, na hata katika ndoto nilivuta sweta nikafunika kucha. Mvua ya mchana ikanyesha, ikanipita. Sauti ikaja tena, imekauka kidogo, kisha ikaisha.

Nilirudi nyumbani jioni kwa sababu ya njaa. Mama alikuwa ameketi jikoni karibu na moto, na ile nguo yake ya buluu imelowa, imemganda mwilini mpaka juu, kola imelegea. Senge alikuwa pale, na Baba amesimama mlangoni.

"Daktari hakuwepo," Mama akasema, kabla sijauliza.

Senge akafungua mdomo. Mama akamwambia, "Ongeza kuni, tafadhali, moto unakufa." Senge akaongeza kuni. Mama akanivua sweta, akanikausha kichwa kwa leso, akanipa maziwa ya moto kwenye kikombe chake mwenyewe. Sikuchapwa. Mtoto amepotea kutwa nzima kwenye familia ya Kikipsigis, anarudi na majani kichwani, hachapwi, wala haulizwi alikuwa wapi, na mimi sikuona ajabu hata kidogo! Niliona nimebahatika tu. Na kuhusu daktari nilikuwa na siri yangu: nilijua hakuwepo ni neno la kunifunika. Daktari alikuwepo, ila hakuwa na kamba ya kushona. Kamba ilikuwa imelala chini ya chai.

Nilikaa na jambo hilo muhula mzima. Ndipo siku moja nilipomsindikiza Mama kituo cha chai. Alikuwa amejifunza kuchuna kwa kubana majani kati ya kidole cha pili na cha tatu, lakini yalitoka yamechanika, mengine na shina gumu. Karani akamwaga kikapu chake juu ya gunia mbele ya watu wote, akayachambua kwa ncha ya kiatu.

"Mama, hii ni ya ng'ombe," akasema. "Si umekuwa ukileta majani mazuri?"

"Hii kidole imekataa," Mama akamjibu.

"Basi iambie isikatae."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, ni kicheko tu cha foleni. Mama akapiga magoti akaanza kurudisha majani kikapuni, moja moja, kidole chake kimesimama pembeni. Nikapiga magoti nami. Nikavuta mikono ya sweta juu ili nifanye haraka, na sikuishusha tena. Tulipofika nyumbani nikaivua, nikaitundika. Nilikuwa nimeamua.

Daktari aliporudi muhula uliofuata nilikuwa wa kwanza kupanda gari la maziwa. Tulikaa kwenye benchi refu, watu wengi, harufu ya dawa na mablanketi yaliyolowa. Daktari hakuwa na mambo ya kujifungia. Alianza kuwaangalia watu palepale barazani. Alipofika kwa Mama akashika kidole chake, akakikunja na kukikunjua.

"Kiungo kimekuwa kigumu, Mama," akasema. "Kitafanya kazi, lakini hakitakunja chote. Ile siku ya kwanza nilikuwa nime—"

"Taktari," Mama akamkata, akanisukuma mbele, "huyu mtoto anataka kukusalimia."

Sikuwa nimesema nataka kumsalimia mtu. Lakini nilikuwa nimeshafika mbele yake, na nikajua wakati ndio huo. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikagusanisha vidole, kamba zikasimama.

"Chukua hii," nikamwambia. "Ya kulia ni nzuri zaidi. Mimi ni wa shina lake."

Daktari akanitazama, akamtazama Mama. "Nani amekuambia tunakata watoto?"

"Kogo alishona kibuyu," nikasema, na hapo machozi yakaniponyoka, na yote yakatoka ovyo: kiraka, shina, wanafunzi wa darasa la saba, sweta. Mama alikuwa ameweka mkono wake mdomoni.

Daktari hakucheka, nami nimemshukuru kwa hilo miaka yote. Akachuchumaa mpaka akawa sawa na mimi, akakunja mkono wake wa kushoto. Kamba ikainuka. Akakunja wa kulia. Hakuna kitu, ngozi tupu.

"Umeona? Huku iko, huku haiko. Na mkono huu usio nayo ndio nashonea watu." Akageukia benchi. "Hebu wote, fanyeni hivi."

Na wakafanya. Nitakufa na picha hiyo. Benchi zima, wazee na kofia zao, kina mama na watoto mgongoni, mlinzi wa lango na rungu lake kwapani, wote wamenyoosha mikono wakiangalia vifundo vyao kimya kimya, kama watu walio kwenye maombi. Halafu kelele zikaanza. "Haiya, mimi sina!" "Mimi ninayo moja!" Mzee mmoja alikuwa na mbili kwenye mkono mmoja, au alidai hivyo, na akawa anazunguka kuwaonyesha watu. Mama mmoja aliyetoka Roret alisema amekamua ng'ombe miaka arobaini bila kamba hata moja.

"Mungu hakuumba mikono kwa kipimo kimoja," daktari akaniambia. "Hii kamba ni ya ziada. Aliye nayo, tunaiazima mkononi mwake mwenyewe. Asiye nayo, tunaazima kwenye mguu wake mwenyewe. Ya mama yako tutaitoa mguuni, nilimwambia tangu mwanzo. Kila mtu ni shina lake." Akanishusha mikono. "Yako ni safi sana. Kaa nayo."

Mama alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akielewa, polepole, macho yake yakitoka kwangu yakaenda mbali, yakarudi. Nilidhani anafikiria sweta. Alinivuta kwake akanishika kichwa, akasema tu, "Wui, mtoto wangu," na akalirudia.

Walimshona siku hiyo. Kidole kilikunja, lakini nusu, mpaka siku yake ya mwisho. Alirudi kuchuna, majani yakawa mazuri tena, ila alikuwa mtu wa kikapu kimoja, tk, halafu kimya, halafu tk. Ile sauti ya zamani ya kusinzisha watu haikurudi tena. Kwa kuwa kamba yangu haikuwa imesubiriwa, sasa niliamini kwamba siku ile daktari kweli hakuwepo, na nilipokuwa mkubwa nilizoea kumlaumu moyoni. Kama asingekosekana ile mara ya kwanza, mama yangu angekuwa na mkono wake wote.

Na hicho ndicho nilichomwambia Senge juzi pale jikoni, kibuyu kikiwa mapajani mwangu. Nilimwambia, "Kama yule daktari angekuwepo ile siku."

Senge amezeeka, masikio yake ni mazito, na nilidhani hakusikia. Aliketi kwenye kigoda kingine, akaanza kukunja leso yake.

"Daktari alikuwepo," akasema.

"Siku gani?"

"Siku hiyo. Gari lilipiga honi mara tatu. Tulimwambia mama yako aende, sisi tutakutafuta. Akasema hawezi kulala kitandani akatwe na hajui mtoto wake yuko wapi. Alikutafuta kutwa nzima, mvua ikamnyeshea. Ile chai ya zamani aliipita mara mbili, akiita mpaka sauti ikaisha." Akaikunjua leso. "Alituapisha, mimi na baba yako na Kogo. Alisema asisikie mtu amemwambia Chebet. Alisema, mtoto asinibebee kidole changu."

Nilikuwa naiona ile nguo ya buluu kando ya moto, na kola yake. Mimi niliyezaliwa kwenye chai, niliyejua kusoma maji kwenye nguo ya mtu kabla sijajua kusoma kitabu. Mtu aliyetoka barabarani hulowa miguu, na mvua humlowesha mabega. Mama alikuwa amelowa mpaka kifuani.